Mkate Mkavu

Mama mkwe wangu Hripsime haombi kwa sauti.
Hukung'uta unga viganjani, na hiyo ndiyo amina yake.
Kontena letu la bati hapa Gyumri
lililetwa baada ya tetemeko, la kujisitiri miaka miwili tu, walisema;
mimi nimeolewa humo, nimezalia humo,
na kutu imechora ukutani
ramani ya nchi ambayo hakuna aendaye.

Mwaka huu baridi ilitangulia kuni.
Vazgen yuko Urusi, anajengea watu maghorofa.
Simu yake iliita Oktoba, ikaita Novemba,
kisha ikaacha kuita; sauti ya mwanamke, safi, haina mafua,
ikanijibu kwamba nambari hiyo haipo.
Haipo.
Nikapiga tena nisikie kama atabadili neno.

Usiku ule nilimgeukia mama mkwe kana kwamba ndiye aliyemficha mwanawe:
"Mungu wako amehama. Hata anwani hakuacha."

Hakunijibu. Alipanda kigoda,
akashusha juu ya kabati furushi la lavashi
tulizobandika tanurini Septemba, mimi na yeye, nyusi zikiungua,
mikate myembamba kama shuka, iliyokauka ikawa
inavunjika kwa kutazamwa tu.
Akachovya vidole kwenye bakuli, akanyunyiza,
akachovya, akanyunyiza, akafunika kwa kitambaa.
"Ngoja."
"Hadi lini?"
"Hadi umalize kukasirika."

Sikumaliza. Upepo ulikuwa unavuta nailoni ya dirisha,
Areg anafanya hesabu za kugawanya akiwa amevaa glavu,
anakosea, anafuta kwa kidole gumba cha sufu.
Alipofunua kitambaa, mkate ulikunjika
kama nguo ya mtoto, ukazunguka jibini na chumvi bila kupasuka.
"Unaona? Ulikuwa umekauka. Haukuwa umekufa."
Nilikuwa na jibu kali. Nilikuwa na njaa pia.
Nikala.

Umeme ulipokatika ndipo aliponisimulia
jambo asilolisema hata kwa padri:
siku mbili chini ya mawe ya ukuta wake mwenyewe,
mkono wa Nazeli, bintiye, mkononi mwake,
wa moto, wa vuguvugu, halafu wa jiwe.
"Nikatafuta zaburi. Nilizijua, mwanangu, tangu utotoni,
bibi yangu alinifunza kwa kunong'ona, enzi zile za kunong'ona.
Hazikuja. Yalikuja maneno mawili tu:
Bwana ndiye.
Ndiye nani? Ndiye nini? Vumbi limejaa kinywani, sikumbuki.
Bwana ndiye. Bwana ndiye.
Nikaning'inia hapo kwenye ndiye
kama mtu aliyeshika mzizi, genge limeporomoka,
mpaka nikasikia sururu."

Nikamuuliza, na Nazeli je, yeye alishika nini?
Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani amelala.
"Hilo nitamuuliza Yeye mwenyewe," akasema.
"Nimeliweka karibu, nisije nikalisahau."

Pasaka tulichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu,
yakatoka mekundu kama matofali.
Uani mwa kanisa kuba la zamani bado limelala pale lilipoanguka,
watoto wanateleza juu yake kwa makalio, Areg akiwa wa kwanza.
Niliwasha mshumaa mmoja, nikauchomeka mchangani
nisijue ninamwombea mume aliye hai, au roho yake,
au mtu mwenye nyumba nyingine huko, nyumba yenye joto.
Mshumaa haukuuliza. Uliwaka.

Simu bado haiiti. Sina habari njema ya kukupa
zaidi ya hii: leo asubuhi Hripsime kaamka mgongo unamuuma,
mtoto analia njaa, lavashi ya mwisho iko kabatini.
Bwana ndiye, nikaanza,
wala sikuendelea.
Nikachovya vidole.